Kutoka Tanga hadi Mtwara kwa boti yenye injini moja: tuondoke mwezi gani?

Mwanamoshi ameuliza:

Habari zenu wanajamvi. Naandika kutoka Moshi, mtaa wa Soweto, ambako bahari iliyo karibu nasi iko umbali wa kilomita kama 350 kwa barabara ya Same, Mombo na Segera. Mimi na shemeji yangu anayeishi Arusha tumenunua kwa ubia boti ya faiba yenye urefu wa mita 10.5. Ina chumba cha kulala watu watatu, jiko dogo la gesi, choo, na injini moja ya dizeli yenye nguvu za farasi 100. Tangi lake ni la lita 500. Tunaihifadhi Tanga, na kwa mwaka mzima sasa tumekuwa tukishuka kwa basi kila mwisho wa mwezi, hivi kwamba njia ya kati ya Tanga na Pangani tumeizoea.

Sasa tunataka kuifuata pwani hadi Mtwara na kurudi, watu watatu pamoja na mke wangu, kwa muda wa wiki sita. Nimepima kwenye ramani nikapata maili za baharini 370 hivi, tukipitia Unguja, Dar es Salaam, Mafia, Kilwa na Lindi. Kwa mwendo wa noti 7, yaani maili saba za baharini kwa saa, safari ya kwenda itachukua saa 53. Injini hunywa lita 7 kwa saa katika mwendo huo, kwa hiyo lita 371 zitatufikisha na tangi litabaki na akiba. Kuhusu msimu, nimefikiri kwamba kwa kuwa majahazi ya zamani yalishuka kusini kwa upepo wa kaskazi, nasi tuondoke mwanzoni mwa Januari, kisha turudi Aprili pepo za kusi zikianza kutusukuma, hata kama itatulazimu kuiacha boti Mtwara kwa muda na kuifuata baadaye kwa basi.

Naomba mnikosoe. Mke wangu ana swali lake pia: je, kuna sehemu ambayo ni lazima kusafiri usiku? Na je, injini moja ni uzembe?

Nahodha Mstaafu amejibu:

Mwanangu, katika maswali yako yote lile la msimu ndilo zito, na ndilo ulilolimaliza kwa sentensi moja. Mimi nimezaliwa Tanga, nimeongoza vyombo vya mizigo kati ya Tanga, Pemba, Unguja na Mafia kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa nakaa kwa binti yangu hapa Pasua, ambako chombo pekee ninachokiona kikienda mrama ni daladala la asubuhi. Kwa hiyo nina muda wa kukujibu kwa kirefu.

Kosa lako ni kuiga kalenda ya jahazi wakati huna tanga. Jahazi linautafuta upepo. Boti ya mashine inaukimbia. Nahodha wa jahazi alishuka na kaskazi kwa sababu bila upepo huo asingefika, na mawimbi yaliyokuja pamoja nao aliyahesabu kuwa ni nauli. Wewe una injini, kwa hiyo unachotafuta ni bahari iliyolala.

Kuna jambo la pili ambalo ramani yako haikukuonyesha. Mkondo wa maji wa pwani yetu hauendi na upepo. Unatiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, Januari kama Julai. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vikiwa upande mmoja, kasi yake huweza kufika noti 4 mahali penye kina. Wakati wa kaskazi hudhoofika, lakini haugeuki. Sasa fikiria Januari yako: upepo unatoka kaskazini mashariki ukiteremka, maji yanapanda kutoka kusini, na vyote viwili vinakutana chini ya boti yako. Mawimbi yanayozaliwa hapo si yale marefu ya kukuinua na kukushusha taratibu. Yanakuwa mafupi, yamesimama wima na yamekaribiana. Yakikufuata kwa nyuma, shetri, yaani nyuma ya boti, hunyanyuka, omo, yaani mbele yake, hujichimbia majini, na usukani hukosa nguvu kwa sekunde chache ambazo ni ndefu kuliko zinavyosikika ukizisimulia Moshi. Boti nyepesi ya mita kumi hugeuka ubavu kwa hali hiyo, na wimbi linalofuata ndilo huikuta imejilaza.

Kwa kusi sina haja ya maneno mengi. Kuanzia Aprili hadi Septemba, na hasa Juni hadi Agosti, kushuka kusini kwa boti ndogo ni kupigana na upepo na mkondo kwa pamoja. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa utakalolisikia mara kwa mara miezi hiyo ni lile la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa meli si habari, ila kwenu ni sababu ya kubaki bandarini mkicheza bao.

Kinachobaki ni maleleji, yaani vipindi vya katikati ambapo upepo mmoja umechoka na mwingine haujaamka. Kimoja ni Novemba hadi siku za mwanzo za Desemba, na kingine ni Machi kabla masika hayajafunguka. Mimi ningechagua Novemba bila kusita. Machi bahari ni tulivu kweli, lakini safari ya wiki sita itawaingiza Aprili, ambako kuna mvua kubwa, na huo ni wakati ambao vimbunga vya Bahari ya Hindi vimekwishatufikia. Kenneth kilipiga Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara, Aprili 2019, na Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Ondokeni Tanga wiki ya kwanza ya Novemba, na mtakapofika Mtwara msikae mkanogewa. Mkichelewa huko hadi Krismasi, kaskazi itakuwa imekaza na mtarudi nayo ikiwapiga usoni.

Sasa rudi kwenye hesabu yako. Noti 7 ni mwendo wa boti juu ya maji, na maji yenyewe yanatembea. Ukikutana na mkondo wa noti 1.5, unabaki na noti 5.5 juu ya ardhi. Maili 370 zinakuwa saa 67, na kwa lita 7 kwa saa umetumia lita 471. Zile 29 zilizobaki ni matope ya chini ya tangi. Wakati wa kurudi mkondo uleule utakupa noti 8.5, na saa zitashuka hadi 44. Mkondo huwa na nguvu zaidi nje penye kina kirefu, na hupungua ndani ya visiwa na mafungu ya mchanga, kwa hiyo anayejua njia za ndani huulipa kidogo. Lakini njia za ndani ndiko iliko miamba. Chagua unalipa wapi.

Kuhusu usiku, mwambie mkeo kwamba hakuna sehemu inayolazimisha, mradi mkubali kukata safari vipande. Usiku pwani yetu imejaa nyavu zinazoelea na ngalawa ambazo taa yake ni tochi ya simu, ikiwashwa wakati mwenyewe amekwisha kukusikia. Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na mhakikishe nanga iko chini kufikia saa tisa alasiri. Hizo ni saa nane na nusu, yaani maili 45 hivi kwa mwendo wa noti 5.5, na hicho ndicho kipimo cha siku yenu. Dar es Salaam hadi Kilindoni ni maili kama 75, kwa hiyo haiwezekani kwa siku moja. Laleni Kwale, kisiwa kilicho mbele ya Kisiju. Mafia hadi Kilwa Masoko katizeni Songo Songo. Kilwa hadi Lindi katizeni Kiswere, ghuba iliyojificha vizuri. Huku juu, Tanga hadi Unguja mjini mnaweza kulala Ushongo, kisha mkavuka kuelekea Tumbatu siku ya pili mapema kabla upepo wa mchana haujaamka.

Fundi wa Majengo amejibu:

Namshukuru mzee kwa somo. Mimi si mtu wa bahari. Natengeneza pampu na nozeli za dizeli hapa Majengo, Moshi, na mara mbili nimeitwa Tanga kufufua injini za boti. Nitasema kuhusu injini tu.

Ndugu Mwanamoshi, punguza mwendo. Boti ya kulima maji kama yako, isiyonyanyuka juu ya maji kama zile za mbio, ina kikomo kinachotokana na urefu wake majini. Kwa boti yenye mita 9.6 majini, kikomo hicho ni noti 7.5 hivi. Ukikaribia hapo boti inaanza kupanda wimbi lake yenyewe na dizeli inamwagika bure. Nguvu inayohitajika huongezeka takriban kwa mchemraba wa mwendo, yaani ukitoka noti 6 kwenda 7.5, ambayo ni nyongeza ya robo tu, unahitaji karibu nguvu mara mbili. Fungeni kipima mzunguko kinachosema kweli, mtafute mzunguko wa injini unaowapa noti 6 hadi 6.5, na mkae hapo. Pimeni matumizi halisi kwa kujaza tangi hadi ukingoni, kusafiri saa nne, na kujaza tena kwa dumu lenye alama za lita. Namba mliyoandikiwa na muuzaji msiiamini hata kama aliitaja kwa kiapo.

Injini moja si uzembe. Meli nyingi za mizigo zina injini kuu moja. Uzembe ni injini moja pamoja na mafuta machafu, kwa sababu injini ya dizeli yenye mafuta safi, hewa na maji ya kupoozea haina sababu ya kuzima. Fungeni chujio la awali lenye kikombe kinachoonyesha ndani, linalotenga maji na dizeli, tena yawe mawili yenye koki ya kubadilishia, ili moja likiziba mgeuze koki bila kuzima. Bebeni filta zisizopungua nane. Injini nyingi za boti ndogo ni injini za malori na matrekta zilizofungiwa mfumo wa kupoozea kwa maji ya bahari, kwa hiyo mkinitumia namba iliyo kwenye bamba la injini naweza kuwaambia ni vipuri gani mnavipata hapahapa Moshi. Kile msichokipata hapa ni impela, lile gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji ya chumvi. Nunueni tatu. Likikatika ukucha mmoja, mtafute mpaka muuone, kwa sababu utakuwa umekwama kwenye bomba mbele, na injini itachemka tena hata ukiweka impela mpya.

Kama roho ya mama haitulii, fungeni mashine ndogo ya nje ya nguvu za farasi 15 nyuma. Haitawavusha mkondo, lakini bahari ikilala itawasogeza kwenye kina cha kutia nanga.

Mdau wa Sakina amejibu:

Ningekuwa mimi ningeishia Pemba. Ni karibu na Tanga, kuna Misali na Mkoani, maji ni safi, na mtu anarudi kazini Jumatatu. Mtwara kuna barabara ya lami.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Ndugu wa Sakina, Pemba ni karibu kwa macho tu. Unguja na Mafia zimekaa juu ya ukingo wa bara, na maji yaliyo kati yake na Mrima, yaani pwani ya bara, ni mafupi, lakini kati ya Tanga na Pemba kuna mlango wenye kina cha mamia ya mita, na mkondo wote ninaousema hupita humo kama mto uliobanwa. Nimewahi kuelekeza omo Mkoani nikajikuta naitazama Wete. Waende Pemba kwanza kama mazoezi, nakubali, ila wasidhani wamechagua rahisi.

Mwanamoshi ameandika:

Shikamoo mzee wangu, na nakushukuru sana. Nimefuta Januari. Fundi, nitapita dukani kwako Jumamosi na picha ya bamba la injini.

Limebaki jambo moja ambalo linanisumbua. Tanga tunaingia kwa mazoea, lakini huko Mafia na Kilwa hatujawahi kufika, na shemeji anaamini kwamba ramani ya GPS inatosha.

Mama Njiro amejibu:

Kaka Mwanamoshi, mimi na mume wangu tunaishi Njiro, Arusha, na tulisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa na kurudi kwa boti inayokaribiana na yenu. Mwambie shemeji kwamba ramani ya GPS inajua vizuri mahali ulipo, ila haijui sawasawa mahali lilipo fungu. Mbele ya Rufiji mto unamwaga tope kila masika, na mchanga unahama. Shemeji akitaka kuingia kwenye delta kuona mahali manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha na kuzamishwa Julai 1915, aende na mvuvi wa hukohuko kwa mtumbwi, si kwa boti yenu.

Sisi tuliingia kwa macho. Mmoja alisimama mbele kabisa amevaa miwani inayokata mng'ao wa maji, na mwingine alishika usukani akimsikiliza. Buluu iliyokoza ni kina, kijani kilichopauka ni mchanga ulio karibu, na kahawia ni mwamba. Penye kahawia hakuna majadiliano. Rangi hizo huonekana jua likiwa juu au nyuma yako. Bandari nyingi za kusini unaingia ukielekea magharibi, kwa hiyo kuanzia saa tisa alasiri jua linakuwa usoni na bahari yote inageuka bati linalong'aa.

Halafu kuna maji yenyewe. Kwenye bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Kuna kitu ambacho hakuna aliyetuambia mpaka tulipofika Mafia: pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ratiba inageuka. Maana yake ni kwamba siku ya bamvua ukifika mlangoni saa sita au saa saba mchana unapata vyote: jua liko utosini, miamba ya juu bado inaonekana, na maji yanapanda, kwa hiyo ukigusa mchanga utasubiri kidogo uelee. Ukiingia maji yakipwa na ukagusa, umepwelewa kwa saa nyingi, boti imelala ubavu na gesi ya jiko imekatika. Pangani mnakujua, kwa hiyo mnajua jinsi mlango wa mto ule ulivyo maji yakiwa yamekupwa.

Kuhusu alichosema fundi wa Majengo juu ya mafuta, naomba nikusimulie yaliyotupata, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa chini kwenye injini. Tulijaza dizeli kwa madumu kutoka kituo kimoja cha barabarani, tukayabeba kwa bajaji hadi ufukweni, na kwa haraka ya kuwahi maji tulimimina bila kuchuja. Saa tatu baada ya kuondoka Kwale injini ilianza kupumua kama mtu mwenye pumu, ikapanda, ikashuka, ikazima. Kwanza kilikuja kimya, kisha boti ikageuka ubavu kwa mawimbi na kuanza kuyumba, vikombe vikaanguka, na mume wangu, ambaye hajawahi kulewa bahari maishani mwake, alikumbatia ndoo.

Kikombe cha chujio kilikuwa na tabaka mbili: juu dizeli ya rangi ya chai, chini maji meupe, na katikati yake utando mweusi kama masizi ya sufuria. Nilifungua koki ya chini nikayatoa maji kwenye kopo la maziwa, nikabadilisha filta, nikapiga pampu ya mkono, nikalegeza nati ya kutolea hewa mpaka mapovu yakaisha. Ikawaka, ikazima baada ya dakika kumi. Nilirudia kazi hiyo mara nne, magoti yamejikaza kwenye mbao na dizeli imefika kwenye viwiko. Ilipokubali kabisa, saa mbili zilikuwa zimepita, na tulipotazama GPS tulikuwa tumerudi kaskazini maili tatu. Hapo ndipo nilipouelewa mkondo anaousema mzee. Nilikuwa nimeusoma, lakini sikuwa nimebebwa nao. Tangu siku hiyo hatumimini dumu lolote bila faneli yenye wavu wa kuzuia maji, na dumu linakaa wima nusu saa kabla ya kulifungua, na lita ya mwisho haimiminwi.

Msiyaweke madumu juu ya paa, kama tulivyowaona wengine wakifanya. Uzito wa juu unaongeza mrama, na boti za aina yetu zina mrama wa kutosha.

Kuhusu karatasi nitasema kwa kifupi. Cheti cha ubora wa chombo na masharti ya nahodha waulizeni TASAC, shirika linalosimamia usafiri wa majini huku bara, kabla ya kuondoka. Unguja na Pemba zina mamlaka yake ya usafiri baharini, kwa hiyo mkifika huko ripotini bandarini hata kama mmetoka bara. Mafia sehemu kubwa ya kusini ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, na mnalipa kiingilio. Kusini ya Mtwara, kuelekea mdomo wa Ruvuma, msisogee bila kuzungumza kwanza na vyombo vya ulinzi vya hapo. Redio ya VHF iwe kwenye chaneli 16 muda wote, na kama bajeti inaruhusu nunueni kifaa cha EPIRB kinachotuma ishara ya dharura kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406, mkisajili kwa majina yenu. Simu inashika karibu na miji. Nje ya hapo inageuka saa ya mkononi.

Mwanamoshi ameandika:

Dada, nimemsomea mke wangu habari ya kopo la maziwa. Amesema kazi ya chujio tutagawana kwa zamu na shemeji ataanza. Tumekubaliana Novemba, noti 6, na wikiendi tatu za mazoezi kati ya Tanga, Ushongo na Tumbatu kabla ya hapo, tukiingia kwa macho kama mlivyoelekeza.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Vizuri. Nami nina swali. Nanga yenu ina amari, yaani kamba na mnyororo wake, ya urefu gani?

Mwanamoshi ameandika:

Mita 30, mzee. Mita tano za mnyororo na zilizobaki ni kamba. Pangani haijawahi kutusumbua.

Nahodha Mstaafu amejibu:

Pangani mnalala mtoni. Kiswere mkitia nanga kwenye mita tano maji yakiwa yamekupwa, siku ya bamvua yatapanda mita tatu na nusu nyingine. Ongeza mita moja na nusu kutoka majini hadi kwenye omo, jumla kumi. Amari inatakiwa kuwa mara tano ya hapo, na upepo ukiamka mara saba, vinginevyo nanga inavutwa juu badala ya kuvutwa kwa ulalo, inang'oka, na mtaamka miambani. Nunueni kamba ya mita 60 na mnyororo wa mita 15, na nanga ya pili iwe imeshafungwa kamba yake kabla hamjaondoka Tanga. Nikumbusheni siku ya mazoezi ya kwanza; binti yangu akiniruhusu nitashuka na basi la asubuhi.